Anaimba Alfabeti Lakini Hawezi Kuomba Maji

Barua za mwezi huu zimetoka Kayole, Lang'ata, Kawangware, Donholm na Mukuru, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mtoto atasema lini, na sisi tufanye nini? Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu walioandika kama huyu mama ni wengi.

Mwanangu wa kiume ana miezi 22. Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro asubuhi kuwahi matatu, narudi saa moja usiku. Anashinda na dada wa kazi, na televisheni inawaka katuni kutwa. Anaimba A, B, C hadi G bila kukosea, lakini akitaka maji ananivuta tu mkono hadi jikoni. Maneno yake hayazidi manne. Amechelewa? – Mama, Kayole

Mama, kwanza tuhesabu upya. Neno la mtoto si lazima litamkwe sawasawa. Akisema "ji" kila anapotaka maji, wala haiti kitu kingine "ji", hilo ni neno. "Nyau" kwa paka ni neno. "Bim-bim" kwa gari ni neno. Wimbo wa alfabeti hauingii kwenye hesabu, maana hamwambii mtu chochote kwa huo wimbo. Ameshika sauti kwa mpangilio, kama vile mtu wa hapa Nairobi anavyoweza kuimba wimbo wa Kilingala mwanzo hadi mwisho asijue unasema nini. Bandika karatasi jikoni, wewe na dada muandike kila neno mnalolisikia kwa siku tatu. Mara nyingi orodha hurefuka kuliko mzazi alivyodhani.

Isiporefuka, usingoje. Watoto wengi wakifika miaka 2 wana maneno kama 50 na wameanza kuunganisha mawili mawili: "baba kuja", "taka uji". Maneno manne kwa miezi 22 yanatosha kabisa kumpeleka akapimwe, tena aanze na masikio. Utaambiwa kwamba wavulana huchelewa. Tofauti ya wavulana na wasichana ipo, lakini ni ndogo. Haiwezi kueleza pengo la ukubwa huo.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako ambalo tunataka ulichunguze: huo mkono. Anapokuvuta, yeye anakutazama usoni? Je, hunyoosha kidole kukuonyesha kitu ambacho hakitaki, mbwa anayepita au ndege juu ya paa, kisha akageuka kuona kama nawe umekiona? Mtoto wa miezi 18 huwa ameshaanza kufanya hivyo. Ikiwa hafanyi, au hageuki akiitwa jina lake, mwambie daktari hayo kabla hujafika kwenye idadi ya maneno. Yana uzito zaidi.

Sasa televisheni. Tatizo lake ni kwamba haimngoji mtoto. Akisema "ba", katuni inaendelea na mambo yake. Mtu akisikia "ba" humgeukia, husema "Eeh, baba! Baba amekuja!", na mtoto anatambua kwamba sauti yake imeleta jibu. Huko kupokezana ndiko kunakojenga lugha; wingi wa maneno yanayopita hewani peke yake haumfikishi mbali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Hata ikiwaka pembeni bila mtoto kuitazama, watu wazima waliomo chumbani huongea naye kidogo kuliko ikiwa imezimwa. Dada asilaumiwe, naye ana kazi za nyumba. Kubalianeni: iwake mtoto akilala, izimwe akiamka. Na akifua au akichambua sukuma, mtoto awe karibu naye, amtajie anachokishika.

Wewe una jioni. Anza na kuoga, dakika 10 tu. Keti chini hadi uso wako uwe sawa na wake. Chota maji kwa kikombe, kiinue juu ya mguu wake, usimimine. Mtazame. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapo ndipo wengi hushindwa: wakifika 3 wameshamimina, au wameanza "Sema maji! Sema!" Nyamaza. Akitoa sauti yoyote, akikutazama, au akigusa kikombe, sema "Maji!" na umimine papo hapo. Nenda mguu wa pili. Hesabu ikifika 10 naye kimya, litaje neno, mimina, endeleeni. Usimnyime kitu mpaka aseme, kwa maana utavuna kilio badala ya neno. Siku atakayosema "maji" mwenyewe, mwongezee moja: "maji moto", "mwaga maji". Kaa hatua moja mbele yake, usikimbie.

Na punguza "Hii ni nini?" Huo ni mtihani, na mtoto asiye na maneno hufeli kila mara. Tazama anakotazama yeye, utaje hicho.

Mimi Mkamba, mke wangu Mjaluo, dada anaongea Kiswahili na mtaani ni Sheng. Binti yetu ana miaka 2. Rafiki ametushauri tuache zote tubaki na Kiingereza asije akachanganyikiwa kabla ya shule. – Baba, Lang'ata

Ushauri huo msiufuate. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema, na mtoto aliyechelewa haponi kwa kunyang'anywa lugha ya mama yake. Kinachopotosha ni kuhesabu lugha moja tu. Binti yenu akisema "pi" kwa mama na "maji" kwa dada, hayo ni maneno mawili. Jumlisheni ya lugha zote ndipo mlinganishe na umri wake.

Kila mmoja aongee lugha ambayo ndani yake anaweza kubembeleza, kutania, kusimulia na kukanya bila kutafuta neno. Mzazi anayejilazimisha Kiingereza cha ofisini hubaki na amri tatu: njoo, keti, acha. Akichanganya, "Mama nipe pi", hajachanganyikiwa. Ametumia neno lililokuwa karibu.

Kwa upande wa Kiswahili msishtuke akisema "toto lia". Watoto wanaojifunza Kiswahili huanza na kiini cha neno, viambishi vya mwanzo hufuata baadaye. Msimkatize kumsahihisha. Mrudishieni lililo kamili kama jibu: "Eeh, mtoto analia." Vivyo hivyo "lafiki" na "habali", r huja imechelewa, na kwa umri wake si tatizo.

Mjukuu wangu ana miaka 2 na miezi 3, hasemi. Jirani anasema ulimi umefungwa, mwingine anajua mzee wa kukata kilimi. Huyu mtoto aliwahi kutoka usaha masikioni. – Nyanya, Kawangware

Nyanya, tunakuomba asipelekwe kwa mzee huyo. Kilimi kile kinachoning'inia kooni hakizuii kusema. Kukikata kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi ya wembe. Ulimi uliofungwa nao, yaani kile kiuzi cha chini kikiwa kifupi, huweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka sauti chache, lakini haumfanyi mtoto awe bila maneno. Kinywa kikikwama, mtoto huongea vibaya. Haongei kabisa kwa sababu nyingine.

Sababu ya kwanza kuchunguza umeiandika mwenyewe mwishoni: usaha. Masikio yanayotoka maji au usaha mara kwa mara hupunguza kusikia. Mtoto husikia nusunusu, leo anageuka, kesho hageuki, watu wanamwita mkaidi. Kuna jaribio la nyumbani. Akiwa amekaa anacheza, mtu mmoja awe mbele yake akimshughulisha kimyakimya. Wewe simama nyuma yake hatua moja, kivuli chako kisimfikie, umwite kwa sauti ya chini. Rudia upande wa pili. Msigonge sufuria wala kupiga mlango. Kishindo hicho huhisiwa kwenye sakafu hata na kiziwi. Akigeuka, bado aende akapimwe, kwa kuwa jaribio hili halikamati upungufu mdogo.

Nenda naye kliniki na kile Kijitabu cha Mama na Mtoto. Waambie tarehe za usaha, na kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, kupata manjano kali alipozaliwa au kulazwa na kuchomwa sindano za dawa kwa siku nyingi. Omba barua ya rufaa ya kipimo cha usikivu. Hospitali ya Kenyatta ina idara ya masikio, pua na koo, na KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, hupima watoto wenye shaka ya kusikia, kusema au kukua. Usaha ukirudi kabla hujafika, kunja kitambaa laini safi kiwe kama utambi, kitie sikioni, kikilowa ubadilishe, hadi sikio likauke, mara tatu kwa siku. Usitie mafuta, maziwa ya mama, wala kijiti cha pamba.

Mtoto wa miaka 3 ameanza kigugumizi ghafla: "ma-ma-ma-mama". – Mama, Donholm

Kati ya miaka 2 na 5 hili hutokea sana, na wengi huacha. Msimwambie "pumua" wala "sema polepole", na msimmalizie neno. Ninyi ndio mpunguze mwendo wa kuongea, mmtazame, mngoje. Mtafuteni mtaalamu wa matamshi ikipita miezi 6, akikunja uso na kukaza shingo ili neno litoke, akianza kukwepa kuongea, au kama kuna ndugu mtu mzima mwenye kigugumizi.

Nalea watoto 9 kwenye chumba kimoja, mdogo ana miezi 4. Sina vitabu wala vifaa. Nitawezaje kuongea na kila mmoja? – Mlezi, Mukuru

Dada, swali lako linatugusa, kwani watoto wengi wa jiji hili hushinda kwenye chumba kama hicho. Huwezi kukaa na kila mmoja nusu saa. Lakini kila mmoja unambadilisha nepi, na hapo uko naye uso kwa uso. Weka uso wako karibu sentimita 30 na wake, umwite jina, umwambie unachofanya: "Inua mguu. Mwingine. Haya, kavu!" Yule wa miezi 4 akitoa "aguu", mrudishie "aguu", kisha nyamaza. Atakujibu. Mpokezane mara tatu au nne, inatosha, uende kwa mwingine.

Redio izimwe saa ya kula, walau hiyo. Mtoto mdogo hawezi kuchuja sauti yako kutoka kwenye kelele kama wewe. Wakati wa uji, kabla ya kila kijiko, taja jina la anayelishwa na usubiri akutazame. Vifaa unavyo: kijiko cha mbao, kifuniko cha sufuria, kikombe, leso ya kujificha uso. Ukitia maharagwe kwenye chupa ya plastiki ilie, ziba kifuniko kwa gundi na ukivute kila asubuhi kuhakikisha, maana punje moja ikitoka itaingia puani au kooni.

Jioni mzazi akija kumchukua mtoto, usimwambie tu kwamba amekula na amelala. Mwambie neno au sauti mpya aliyoitoa leo, ili nyumbani nao waijibu.