Re: Vyoo vya umma Tokyo vikoje?

Umeuliza kama utaweza kuzunguka Tokyo kutwa nzima bila kuhangaikia choo. Utaweza, tena bila kulipa. Stesheni nyingi za treni zina vyoo, ila mara nyingi viko ndani ya mageti ya tiketi, kwa hiyo maliza haja kabla hujatoka. Kwenye bustani na maduka makubwa navyo vipo.

Vitufe vya ukutani visikutishe. Kimoja hurusha maji ya kukusafisha, kingine hutoa mlio wa maji ili jirani asikusikie. Kabla ya kubonyeza chochote, jua kwanza cha kusimamisha ni kipi. Karatasi tupa humo humo chooni.

Kero yenyewe ni mikono: sehemu nyingi hukuti cha kujifutia, pengine hata sabuni. Leso usiiache hotelini!

Ukifika Shibuya, pita bustani ya Yoyogi Fukamachi uone vyoo vya kuta za kioo kinachoonyesha ndani, alivyosanifu msanifu majengo Shigeru Ban, vilivyofunguliwa 2020. Ukifunga komeo, kioo kinaingia ukungu na wa nje haoni kitu. Navipenda mno, maana unajua kama choo ni safi, na kama kuna mtu ndani, kabla hujagusa mlango.