Projekta kwenye Corolla ya zamani
Kaka wa Tanga, umeuliza kama unaweza kufunga mwenyewe taa za projekta (zenye lenzi inayokusanya mwanga) kwenye Corolla yako ya zamani. Unaweza, ila kabla ya kununua, ziwashe uone mstari ambapo mwanga unakatika ukutani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mstari huo unatakiwa kupanda juu upande wa kushoto. Zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia hupanda kulia na kumpofusha anayekuja mbele yako. Hizo usichukue hata kwa bure.

Ili kuweka projekta ndani, kioo cha mbele cha taa kibandue kwa joto la taratibu, kwangua gundi yote ya zamani, upake mpya kwenye mfereji mzima kinapokaa kioo. Ukiacha upenyo, unyevu wa pwani utaingia ndani. Umeme toa kwenye betri, upitie fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo). Kisha gari likiwa mita 10 kutoka ukutani, shusha mstari sentimita 10 chini ya kimo cha taa.