Redio Imesema Kisoda Kimoja Kila Shimo. Mashimo Mangapi?

"Weka kisoda kimoja cha DAP kila shimo." Ushauri huu umepita redioni, kwenye ujumbe mfupi, kwenye magrupu ya WhatsApp na midomoni mwa wauza pembejeo kwa miaka mingi, na wala si uongo. Kisoda kikijazwa na kusawazishwa hubeba mbolea hii ya kupandia gramu 5 hivi. Ekari ya mahindi iliyopandwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ina mashimo kama 9,000, kwa hiyo inakula kilo 45: mfuko mmoja wa kilo 50, na unabaki kidogo. Jirani aliyepanda 75 kwa 30, mbegu moja moja, ana mashimo 18,000. Akifuata tangazo lilelile anahitaji kilo 90. Mfuko wake mmoja utaishia katikati ya shamba, nusu nyingine ataipanda bila mbolea, na msimu ukiisha atakuambia redio zinadanganya.

Sisi tunaofanya kazi na vikundi vya wakulima tunakutana na jambo hili kila msimu. Taarifa siku hizi si haba. Kuna redio, simu, afisa ugani, duka la pembejeo, na mtoto aliyeko mjini anayetuma video. Shida ni kwamba taarifa nyingi hufika zimekatwa mkia: hazisemi nafasi ya kupandia, hazisemi eneo, hazisemi ni za msimu gani. Anayezipuuza zote anakosa, na anayezifuata zote anapata hasara. Inabidi kuurudishia ujumbe mkia wake kabla ya kuupeleka shambani.

Heka, hekta na pampu

Anza na vipimo, maana ndiko fedha nyingi inakopotelea. Mtaalamu redioni anasema "hekta", msikilizaji anasikia "heka", na heka kwa watu wengi ni ekari. Hekta moja ni ekari 2.47. Kilo 100 za urea kwa hekta ni kilo 40 tu kwa ekari. Aliyesikia vibaya anamwaga mara mbili na nusu ya kiasi. Ukipiga simu studio wakati wa kipindi, uliza jambo moja tu: "Hicho kipimo ni cha ekari au cha hekta?" Utakuwa umewasaidia wengi waliokaa kimya nyumbani.

Kwenye dawa hali ni mbaya zaidi. "Kifuniko kimoja kwa pampu" si kipimo. Vifuniko vya chupa havilingani, na pampu za mgongoni ziko za lita 16 na za lita 20. Kama lebo inasema mililita 40 kwa lita 20, pampu ya lita 16 inataka mililita 32. Nunua bomba la sindano la mililita 20, litie alama ya rangi, lisitumike tena kwa mifugo wala kwa kitu kingine chochote. Kisha ujue shamba lako linameza pampu ngapi: pima eneo la mita 10 kwa 10, nyunyiza maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, angalia lita zilizotumika, zidisha kwa 40. Hapo umepata lita za ekari moja. Wanaoruka hatua hii ndio wanaorudi dukani kulalamika kwamba dawa ni feki. Dawa feki zipo kweli, lakini mara nyingi kilichokosewa ni hesabu.

Wakati wa kupanda wa nani?

Redio inayosikika nchi nzima ikitangaza kwamba mvua zimeanza, jiulize zimeanza wapi. Kaskazini mwa Tanzania na pwani ya kaskazini kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Ruvuma, Njombe, Mbeya, Rukwa, Dodoma na Singida kuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Ushauri wa Machi kwa mkulima wa Arusha ni wa kupanda. Mkulima wa Songea mwezi huohuo ana mahindi yanayokaribia kukomaa.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) nao unalaumiwa kuliko unavyostahili. Maneno "wastani hadi juu ya wastani" hayana maana ya mvua nyingi. Yanalinganisha mvua inayotarajiwa na ile ambayo mahali hapohapo panapata kwa kawaida. Dodoma hupata kama milimita 600 kwa mwaka, Bukoba inakaribia 2,000. Kwa hiyo "juu ya wastani" ya Dodoma bado si mvua ya kupandia migomba. Tena utabiri wa msimu unazungumzia jumla, hauahidi mtawanyiko: mvua inaweza kutimia kwenye makaratasi huku ikiwa ilisita wiki tatu wakati mahindi yanatoa mbelewele. Ndiyo maana usiishie kwenye taarifa ya msimu. Itumie kuchagua mbegu, ya muda mfupi au mrefu, kisha fuatilia taarifa za siku 10 kwa ajili ya kupanda, kupalilia na kuweka mbolea ya kukuzia.

Kikundi kinaweza kujipimia mvua chenyewe. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, lifunge juu ya nguzo mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi chovya rula, andika milimita, mwaga. Mtoto wa darasa la tano anaiweza kazi hii. Baada ya misimu miwili mitatu mabishano juu ya utabiri hupungua sana, kwa sababu watu wana namba za kijiji chao.

Simu

Video za YouTube zinafaa kwa kazi za mkono: kupogoa, kubebesha miembe, kushika pampu. Maneno matupu ya redio hayawezi kumfundisha mtu kubebesha mche. Lakini video nyingi za Kiswahili zimetengenezwa Kenya. Tazama mkono unavyofanya kazi, jina la mbegu na la dawa uliache hukohuko mpaka uhakikishe. Dawa iliyosajiliwa kule si lazima iwe imesajiliwa huku na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na mbegu inayosifiwa kwa nyanda za juu inaweza kukaa shambani miezi sita, wakati mvua yako ni ya mitatu na nusu.

Kwenye WhatsApp, ujumbe wenye alama ya mishale miwili umeshapita magrupu mengi kabla ya kukufikia. Si lazima uwe uongo, ila aliyeuandika huwezi kumpata umuulize. Ujumbe usiotaja zao, mahali, kipimo na tarehe, usiusambaze. Sauti za dakika sita zinazoanza na "wapendwa wakulima wenzangu" ndizo zinazopendwa kuliko zote na ndizo zenye vipimo vichache kuliko vyote. Na ujumbe wowote wa ruzuku unaokutaka utume hela kwanza, au utaje namba ya siri, ni binamu wa "ile hela itume kwenye namba hii".

Faida kubwa ya simu janja ni kupeleka picha kwa afisa ugani aliye mbali, mara nyingi mmoja kwa vijiji kadhaa. Lakini picha moja ya jani la njano haimsaidii. Njano inayoanzia ncha ya jani la chini na kuingia katikati kama herufi V ni njaa ya naitrojeni. Majani machanga yakiwa na madoadoa ya njano na kukauka kuanzia pembeni, kuna uwezekano wa virusi, na hapo mbolea haitibu. Kwa hiyo piga picha nne: shamba zima, mmea mzima, jani juu na chini, na mdudu akiwa kando ya sarafu ili ukubwa wake ujulikane. Kinga jua kwa mwili wako, gusa kioo ili picha itulie, na itume kama faili kwa sababu WhatsApp huzibana picha. Chini yake andika aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, ulichoweka na lini.

Viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017, ni mfano wa hasara za picha mbaya. Viwavijeshi tuliowazoea hutembea makundi makundi na kula nyasi. Hawa hujificha katikati ya mhindi, ndani ya majani machanga. Watazame kwa karibu: kichwani alama ya Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne yaliyokaa kama mraba. Piga dawa asubuhi mapema au jioni, ukielekeza katikati ya mmea, wakiwa bado wadogo. Wakishakuwa wakubwa wamejiziba kwa kinyesi chao kinachofanana na unga wa mbao, na dawa haiwafikii. Tangazo likisema "piga dawa" bila kusema saa wala mahali pa kuelekeza, limesema nusu.

Kusikiliza kwa pamoja

Nchi hii iliwahi kulifanya vizuri. Kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu. Watu walisikiliza, wakajadili, wakakubaliana la kufanya. Leo kazi hiyo ni rahisi zaidi, kwa sababu simu nyingi za batani zinarekodi redio kwenye memori kadi. Chomeka waya wa masikioni, ndio antena.

Watu 12 hadi 15 wanatosha. Mmoja aandike vipimo vilivyotajwa, mmoja aandike maswali, na kila kipimo kigeuzwe pale pale kiwe cha ekari na cha pampu yenu. Muda wa kukutana wapange akina mama. Ujumbe wa kukausha na kuhifadhi mahindi unatumwa kwenye simu ya baba, ambaye yuko kijiweni, wakati mwenye ghala ni mama. Hata kipimo cha chumvi kinampita: chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, acha dakika 15, chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Mnapojiandikisha kwenye huduma yoyote ya ujumbe, namba ya mama iandikwe kando ya ya baba.

Na kinachosifiwa kijaribuni kabla ya kukinunulia shamba zima. Msidanganywe na mahindi ya maonyesho ya Nane Nane. Agosti ni kiangazi, yale yamemwagiliwa na kulishwa. Muulize mwenye banda amemwagilia mara ngapi na ameweka mifuko mingapi. Nyumbani, pima vipande viwili vya mita 10 kwa 10 vilivyo jirani, badilisha kitu kimoja tu, mbegu au mbolea au nafasi. Vuna, kausha, pima kwa mzani: kila kilo moja ya hapo ni kilo 40 za ekari. Msiweke kipande hicho karibu na zizi wala kwenye kichuguu. Pale hata mbegu ya ghalani inazaa.