Nywele zikikutoka, usianzie kichwani

Mtu akinieleza kuwa nywele zinamtoka, huniuliza mafuta. Nipake ya nazi au ya habasoda? Kitunguu maji kinasaidia? Mimi humuuliza: unakula? Wengi hawalipendi swali hilo. Na mimi enzi zile ungeniuliza ningekununia.

Niliugua anoreksia nikiwa msichana wa skuli, Wete, Pemba. Ni maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, na hofu yenyewe haipungui hata ukabaki mifupa. Nyumbani hapakuwa na aliyejua yanaitwaje. Kwetu mwili wenye nyama ndio unaosifiwa, kwa hiyo mtoto wa kike akikondoka watu husema minyoo, jicho, shetani, au kuna kijana anamliza. Kwamba chakula kipo na mtoto hali, haimjii mtu. Nilisomewa, nikakogeshwa kombe, nikapewa dawa za minyoo. Kilo zangu sizitaji hapa, kwa sababu najua yuko atakayezisoma na kutaka kuzishinda.

Mavazi yetu nayo humsaidia sana anayetaka kujificha. Baibui halionyeshi mbavu, na mtandio unafunika kichwa. Wanaojua ukweli ni msusi wako na yule unayelala naye chumba kimoja. Kwa hiyo dada msusi, ukimshika kichwa msichana ukakuta ngozi inaonekana katikati na nywele zinakuja na chanuo, usimalize kusuka ukanyamaza. Mwambie, na umwambie faraghani, si mbele ya foleni.

Sasa kwa nini nywele. Mwili uliokosa chakula hufanya kama mama aliyeachiwa pesa ndogo ya matumizi: kwanza moyo na ubongo, nywele zitajijua. Kwa kawaida unywele hukua miaka kadhaa, kisha hupumzika kama miezi 3, kisha hudondoka. Kudondoka nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni jambo la kawaida kwa mtu mzima. Njaa hulazimisha nywele nyingi zipumzike kwa wakati mmoja, na miezi 2 au 3 baadaye zinatoka kwa mafungu.

Hapo ndipo watu wanapovunjika moyo. Nywele unazozizoa leo ni za njaa ya miezi iliyopita. Unaweza kuwa umeanza kula vizuri na bado zikaendelea kukutoka wiki nyingi, ukasema basi kula hakusaidii. Maradhi yenyewe yanaipenda sana hoja hiyo, yanakunong'oneza usiku na mchana. Usiisikilize. Unywele unaoota hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi, kwa hiyo kichwa kilichopukutika hakijai kwa Idi mbili. Dalili ya kwanza niliyoipata ilikuwa vinywele vifupi kwenye paji la uso, vimesimama, havilali hata kwa mafuta. Dadaangu akivicheka. Mimi nilivipenda kuliko msuko wowote niliowahi kusukwa.

Huku kichwani zikipungua, mikononi, mgongoni na mashavuni malaika, vile vinywele laini vya mwilini, huzidi. Mwili umepoteza mafuta yake na unatafuta joto. Nilikuwa nikijifunika shuka wakati wa kaskazi, wenzangu wanajipepea.

Dalili nyingine ilitokea Ramadhani. Katika nyumba yenye wanawake, kila mmoja ana siku zake za kulipa baada ya Idi, zile alizokula kwa sababu ya hedhi. Mimi sikuwa na hata moja. Nilikuwa nimefunga mwezi mzima, kisha nikaunga sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, na watu wakanisifu kwa dini. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza: mbona huyu halipi? Hedhi yangu ilikuwa imekatika zamani. Mama, ikiwa binti yako hajaolewa, hanyonyeshi, na halipi siku, muulize kwa upole. Usikimbilie kumshuku mimba kabla hujamwangalia sahani yake. Na wewe binti, aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa. Saumu ya kukwepa chakula unaijua mwenyewe ndani ya moyo wako.

Hedhi kukatika si raha ya kukosa maumivu ya tumbo. Homoni ya kike ikishuka, mifupa haipati uimara wake, na ujanani ndiko mifupa inakojengwa. Nywele nyingi hurudi. Mfupa uliopungua huenda usirudi wote. Moyo nao hupunguza mwendo. Mapigo ya mtu aliyetulia ni 60 mpaka 100 kwa dakika, ya mgonjwa huyu yanaweza kushuka chini ya 50. Ukizimia, ukasikia moyo unaruka, au miguu ikavimba, usingoje asubuhi.

Jambo ambalo jamaa hawalijui: mtu aliyekaa na njaa siku nyingi hashindiliwi chakula. Najua mkono wa mama unataka kuleta sinia la pilau, na juu yake boko boko. Lakini mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi kwa ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Kwanza hospitali, apimwe, kisha chakula kipande kidogo kidogo chini ya macho ya daktari. Na wa akili pia anahitajika. Watu wakisikia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja, wanacheka, waache wacheke. Mimi nilirudishwa na mazungumzo, wiki baada ya wiki, na mtu aliyejua kusikiliza.

Ukishavuka hapo, vyakula vyetu vinatosha. Samaki, dagaa, mayai, kunde, choroko, na wanga usiuogope, muhogo wa nazi ni rafiki yako. Kamulia ndimu kwenye kunde, chuma kitaingia vizuri. Chai iweke mbali kidogo na chakula, maana inazuia chuma (ndiyo, najua, chai kwetu ni ibada ya pili). Vidonge vya nywele vinavyouzwa ghali havina kazi kama kilichokosekana ni chakula. Kichwa chenyewe kipe mapumziko: chanuo la meno mapana, usisukwe kwa kubanwa, na hina nyeusi yenye rangi za dukani iache.

Anayepona naye ana matata yake. Akipita harusini ataambiwa "mashallah, umenawiri," na yeye atasikia "umenenepa," akirudi nyumbani hali. Msifieni kanga yake.

Ukienda kwa daktari usiseme nywele tu, utapewa dawa ya kupaka. Sema umeacha kula tangu lini, hedhi ya mwisho ilikuwa mwezi gani, na kama unajitapisha. Omba upimwe wingi wa damu, akiba ya chuma, tezi ya shingo, chumvichumvi za damu, na umeme wa moyo. Tezi ya shingo, uzazi, na homa kali pia humwaga nywele, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonyesha jambo jingine kabisa. Ukiona aibu, nenda na dada yako aseme yeye.