Usimwekee mdogo wako hiyo Turbo C++

Ndugu yangu simama hapo hapo. Unasema mdogo wako anaanza C++, lugha ya kuandikia programu, unataka kompaila ya bure, yaani kile kinachogeuza alichoandika kiwe programu inayokwenda, na jamaa wa saiba ashakupa Turbo C++ kwa flashi, eti ndo nyepesi kwa mtu anayeanza. Usimwekee! Mimi nilipewa hiyo hiyo huko Malindi na mwalimu wa kozi ya kompyuta niliyemlipa pesa zangu, akaniambia ukiijua hii umemaliza C++. Miezi saba nimekaa na ile skrini ya buluu ndani ya DOSBox, ile ya kuendeshea programu za zamani za DOS, nakariri maneno yake ya kizamani, clrscr na getch na iostream.h, nikijua ndo lugha yenyewe.

Nikarudi Lamu, nikamwandikia ami yangu programu ya mauzo ya duka lake pale Langoni. Ami anaandika daftari tangu mimi sijazaliwa. Siku za kwanza mauzo madogo, kila kitu sawa, akafurahi mpaka akawaita majirani waje waone. Ikaja wiki ya mwisho ya Ramadhani, duka limejaa, mchana akaingiza 20,000, usiku akaongeza 15,000, jumla ikatoka -30,536. Yaani ameuza mpaka amechoka halafu kompyuta inamwambia yuko chini ya sifuri. Akaniita, nikaisoma programu mstari kwa mstari kosa silioni, na hapo ndo nilipoharibu, nikamwambia ami umebonyeza vibaya. Mbele ya wateja. Mzee hakunijibu neno, akavuta mtoto wa meza akatoa daftari, akaandika 35,000 kwa kalamu, kompyuta akaifunika kitambaa.

Wallahi ami hakukosea. Kwa Turbo C++ int, yaani ile aina ya namba nzima niliyowekea mauzo, ni ya biti 16, mwisho wake 32,767, ukipita hapo hesabu inazunguka inaangukia upande wa hasi: chukua 35,000 utoe 65,536 utaona unapata nini. Nilikuja kujua karibu mwaka mzima baadaye, nilipoipeleka programu ile ile kwa GCC, kompaila nyingine. Kwanza ikakataa kabisa kwa sababu ya iostream.h, nikarekebisha vichwa vile vya juu tu, hesabu sikuzigusa, na 35,000 ikatoka 35,000, maana kule int kwenye laptopu zetu ni biti 32, inapita bilioni mbili. Nilienda kumwomba ami radhi, akanisamehe, lakini daftari hakuliacha tena.

Na huyo mwalimu ndo ananiuma mpaka leo. Turbo C++ ilitoka 1990, standadi ya kwanza ya C++, yaani kanuni rasmi za lugha, ikaja 1998, kwa hivyo anachofundisha ni kompaila iliyotangulia standadi ya lugha yenyewe, na anajua, na ada anachukua, na watoto wa watu hawaambii hata kidogo!

Kwa hivyo shika hili moja: kabla hujainstoli kompaila yoyote uliza toleo lake ni la mwaka gani na kama bado inatunzwa. Usiulize kama ni nyepesi, usiulize nani anaitumia. GCC yenyewe ilianza 1987, ni kongwe kuliko hiyo ya kwenye flashi, tofauti ni kwamba mpaka leo inatolewa matoleo mapya, na ni bure kabisa. Kama anatumia Windows na anataka kitu cha kubonyeza bonyeza, Code::Blocks yatosha, ila achukue lile faili lenye neno mingw kwenye jina, hiyo mingw ni GCC ya Windows, lile lingine halina kompaila ndani, atahangaika bure. Na siku zote aweke -Wall, chaguo la kuwasha maonyo ya kompaila, akiandika if (x = 5), ambayo inaweka 5 ndani ya x, pahali pa == ya kulinganisha, kompaila imwonye mapema.

Akishamaliza kuinstoli afungue terminali (kama ni Code::Blocks, afungue Command Prompt ndani ya folda yake ya MinGW\bin) aandike g++ --version, g++ ndo GCC ya upande wa C++, huo mstari wa kwanza nitumie hapa niuone kabla hajaandika programu yoyote.