Maswali na Majibu ya Mafundi: Kupima spidi ya mota kwa taa ya kujitengenezea

Toleo lililopita niligusia kwamba spidi ya mota inaweza kupimwa kwa taa ya strobo, yaani taa ndogo ya LED inayowaka na kuzima kwa kasi unayoipanga mwenyewe. Unapaka alama kwenye shafti, na mapigo ya taa yakilingana na mizunguko ya mota, alama huonekana imesimama. Maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo yanayowagusa wengi. Yale ya waya za nyumba yatasubiri zamu yake.

Nilinunua mota ya mtumba ya kinu cha posho. Haina kibao cha maelezo. Kinu kinazunguka lakini unga unatoka chengachenga na kazi inakwenda polepole. Fundi mmoja anasema mota haina spidi, mwingine anasema ni belti. Naweza kujua mwenyewe? (Mama mwenye kinu, Kisenyi, Kampala)

Unaweza, mama. Anza na chekeche la kinu. Likiwa limetoboka, au limewekwa la matundu makubwa, unga utatoka chengachenga hata spidi ikiwa sawa kabisa. Lakini kwa kuwa na kazi yenyewe imezorota, mimi pia naishuku mota.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Mota ya kawaida ya induksheni hufuata hezi hizo pamoja na idadi ya poli (ncha za sumaku) zilizosukwa ndani yake. Poli 2, kikomo chake ni mizunguko 3,000 kwa dakika. Poli 4 ni 1,500. Poli 6 ni 1,000. Vua belti, washa mota peke yake, pima. Bila mzigo hukaribia sana kikomo chake, kwa hiyo ukipata kama 1,490 ni poli 4, na ukipata kama 990 ni poli 6. Ikiwa ni hiyo ya 990 na kinu kilitengenezewa mota ya poli 4, kinazunguka theluthi mbili tu ya spidi yake, na belti haina kosa lolote. Hapo dawa ni puli: ile ya mota ikiwa ya inchi 4, weka ya inchi 6. Ila hakikisha kwanza mota ina nguvu ya kutosha, maana kinu kikiongezwa spidi kinadai nguvu zaidi, na mota dhaifu itaungua.

Salamu fundi. Umetuonjesha tu. Tupe saketi yenyewe. (Fundi redio, Katwe)

Haya, chukua kalamu. Moyo wake ni chipu ya 555, chipu ya kupanga muda, ile aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971 na ambayo hadi leo haikosekani kwenye sanduku la fundi. Mguu wa 8 na wa 4 huenda chanya, wa 1 hasi. Kati ya chanya na mguu wa 7 weka resista ya kiloomu 10 ikifuatana na potenshometa ya kiloomu 100 (resista ya kuzungusha; kitufe chake ndicho kinachopanga kasi ya taa). Kati ya mguu wa 7 na wa 6 weka resista ya omu 470. Unganisha mguu wa 6 na wa 2, kisha kutoka hapo hadi hasi weka kapasita ya maikrofaradi 1. Mguu wa 5 upeleke hasi kupitia kapasita ndogo ya nanofaradi 10. Betri ya bodaboda ya volti 12 inatosha, na weka kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi karibu na chipu.

LED nyeupe tatu, kila moja na resista yake ya omu 220, zitoke chanya kuingia mguu wa 3. Usizipeleke hasi! Tunataka ziwake pale mguu wa 3 unaposhuka, kwa sababu ule muda wa kushuka ndio mfupi: hupangwa na ile resista ya omu 470 peke yake, na ni kama theluthi moja ya milisekunde. Shafti ya mizunguko 1,440 husogea digrii 3 hivi katika muda huo, kwa hiyo alama utaiona imekatwa vizuri. Wengi hujenga saketi hii taa ikiwaka nusu ya muda na kuzima nusu, kisha wanashangaa kuona ukungu mtupu.

Kwa vifaa hivyo utapata kuanzia mapigo 780 hivi hadi 7,900 kwa dakika. Kapasita ya maikrofaradi 1 iwe ya plastiki. Zile za mkebe, za elektroliti, hubadilika na joto, na kipimo chako kitahama ukiwa bado umekishika mkononi. Mwanga si mkali, kwa hiyo pimia kivulini au jioni, na alama iwe ya rangi nyeupe au kipande cha karatasi ya kung'aa juu ya shafti iliyopakwa weusi.

Nimeitengeneza kwa ajili ya mradi wa shule. Tatizo, alama inasimama tuli katika sehemu tatu tofauti za kitufe. Ipi ni ya kweli? (Mwanafunzi wa S.5, Mbale)

Mwanangu, umekanyaga mtego ambao hata mafundi wazima huingia. Taa hii haisemi uongo, lakini haisemi yote. Mota ikizunguka mara 1,440 kwa dakika na taa ikapiga 1,440, kila pigo huikuta alama pale pale, nawe unaiona imesimama. Taa ikipiga 720 (tuseme inafika chini hivyo), mota imezunguka mara mbili kati ya pigo na pigo, na alama imerudi pale pale. Kwa 480 imezunguka mara tatu. Zote tatu zinafanana machoni.

Sasa panda juu. Kwa mapigo 2,880 mota huwa imezunguka nusu tu, kwa hiyo unaona alama mbili zinazotazamana. Kwa 4,320 unaona tatu. Hapo ndipo kanuni inapotoka: anza kitufe kikiwa juu kabisa, shuka taratibu, na mara ya kwanza kuona alama MOJA iliyotulia ndiyo spidi yenyewe. Juu ya hapo haiwezekani kuona moja, kwa sababu mota haijamaliza hata mzunguko mmoja kati ya mapigo. Anayeanza chini na kupanda atapata jibu lolote analolipenda.

Kanuni hiyo ina mpaka wake, nao ni uwezo wa taa. Chukua grinda ya mizunguko 11,000. Taa yako inaishia 7,900. Ukishuka, alama moja ya kwanza utaiona kwenye 5,500, nawe utaandika 5,500 kwa furaha. Kwa hiyo usiishie kwenye namba moja. Endelea kushuka hadi alama moja inayofuata, utaikuta karibu na 3,667. Zidisha namba hizo mbili, kisha gawanya kwa tofauti yake: unarudi kwenye 11,000. Jaribu na 1,440 na 720 uone, jibu ni 1,440. Mwalimu wako akiuliza kwa nini inakubali, mwonyeshe kwamba spidi moja ileile imegawanywa kwa namba nzima mbili zinazofuatana; aljebra yake ni ya mistari mitatu.

Na ukitaka jina la kuweka kwenye ripoti, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia taa za namna hii kuchunguza mota kabla ya kumaliza shahada yake ya udaktari mwaka 1931. Picha zake maarufu za risasi na matone ya maziwa zilifuata baadaye.

Je, kuna hatari? (Seremala, Wakiso)

Ipo, na kwako ni kubwa kuliko kwa wengine. Msumeno wa mviringo chini ya taa hii utauona umesimama, meno yote yanahesabika, na mkono utakwenda wenyewe kufagia vumbi. Paka alama kwenye shafti wakati mashine imezimwa, simama mbali, na mtu asiyejua kinachoendelea asiingie. Jambo la pili ni kifafa: mwanga unaopiga kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga, na mota ya 1,440 inapimwa kwa mapigo 24 kwa sekunde, katikati kabisa ya hatari hiyo. Uliza walio karibu kabla ya kuwasha.

Kitufe changu hakina namba. Nitajuaje taa inapiga mara ngapi? (Arua)

Tumia mita ya kidijitali yenye alama ya Hz, yaani hezi. Iweke kati ya mguu wa 3 na hasi, soma, zidisha kwa 60. Kuchora namba kuzunguka kitufe kunapendeza, lakini mimi nisingeziamini.

Mota yangu imeandikwa 1,440 nawe unasema poli 4 ni 1,500. Je, ni mbovu? (Mwenye karakana, Jinja)

Ni nzima, ndugu yangu. Mota ya induksheni lazima iteleze nyuma kidogo ya umeme wake. Isipoteleza haina nguvu ya kusukuma chochote. 1,440 ni spidi yake ikiwa imebeba mzigo wake kamili. Bila mzigo itakuwa karibu na 1,490. Ukiikuta 1,380 mota inalemewa, au volti zimeshuka.

Kwako kuna taa rahisi zaidi, isiyohitaji hata 555. Chukua transfoma ndogo ya kushusha 240 kuwa 12. Kwenye upande wa 12 weka dayodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), resista ya omu 220, na LED nyeupe tano au sita zilizofuatana. Kwa kuwa zimefuatana, zitawaka pale tu volti zinapofika kileleni, mara 50 kwa sekunde. Kwenye mota ya poli 4 utaona alama mbili zikirudi nyuma polepole. Chagua boliti moja kwenye fremu, hesabu alama zinazoipita kwa dakika nzima, gawanya kwa mbili: hayo ndiyo mateleza. Zikipita 120, mota imeteleza mizunguko 60, na 1,500 ukitoa 60 ni 1,440. Funga mzigo uone alama zinavyoanza kukimbia. Hata ukiwa kwenye jenereta ambayo hezi zake zinayumba, taa na mota vinakula umeme mmoja, kwa hiyo mateleza utayaona vilevile.

Injini yangu ya dizeli aina ya Lister ni ya 650. Taa haifiki chini hivyo. (Masaka)

Paka alama mbili zinazotazamana kwenye gurudumu. Shuka hadi uone alama mbili tu zimetulia, utasoma 1,300 hivi, gawanya kwa mbili. Usitumie spoku kama alama. Zinafanana zote na zitakuchanganya.

Nimepata flashi ya kamera ya zamani. Si ina mwanga mkali zaidi? (Mbarara)

Ina mwanga, na ina kapasita ya volti 300 hivi inayoweza kukurusha hata betri ikiwa imetolewa. Tena huchukua sekunde kadhaa kujaa baada ya kila pigo. Iache.

Mbona usitumie simu tu? (Gulu)

Tochi ya simu inaendeshwa na programu, mapigo yake hayako sawasawa. Kamera ni bora. Kama simu yako inarekodi picha 240 kwa sekunde, rekodi shafti mchana wenye jua, kisha hesabu ni picha ngapi zinapita alama ikizunguka mara moja. Zikiwa 10, ni mizunguko 24 kwa sekunde, yaani 1,440. Ili kupunguza kosa, hesabu mizunguko kumi kwa pamoja badala ya mmoja.