Watoto watacheza nini mlangoni pa mto Sabaki?

Dada, umeuliza kama kuna la kufanya Sabaki na watoto wawili, maana umeambiwa maji ni tope tupu na hakuna hata bembea. Mimi ni mkaazi wa Malindi, na wanangu nimekuwa nikiwapeleka pale tangu huyu mdogo akibebwa mgongoni. Nenda, dada. Panda matatu ya Mambrui, shukeni darajani, kisha mfuate mto kwa miguu mpaka baharini.

Ila hakuna kuoga mtoni. Mamba wapo na viboko wapo. Tafuteni kijana wa pale kijijini awatembeze, anajua viboko wamelala wapi siku hiyo. Jua likianza kushuka ondokeni, kwa sababu kiboko akitoka kwenda malishoni hapishi mtu njia.

Mchezo wetu mkubwa ni wa karara. Okoteni karara kavu chini ya mnazi, lile ganda linalofunika maua yake, limeshaumbwa dau tayari. Watoto wachomeke jani liwe tanga, wapakie abiria: ua, kijiti, kombe la konokono. Fikeni maji yakimalizia kupwa. Mtayasukuma madau kwa fimbo kutoka mchangani, yataelekea baharini, watoto watayaaga. Halafu subirini. Kuna wakati mto unasimama kabisa. Povu lililokuwa likishuka linazunguka papo hapo kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha taratibu linaanza kupanda kurudi bara. Bahari inajaa! Siku moja dau la binti yangu lilirudi na konokono wake bado amekaa. Alipiga vigelegele mpaka ndege wa baharini, buabua, wote wakaruka.

Tukingoja, tunawachezea kaa wadogo wa matopeni, wale ambao dume ana gando moja kubwa analolipunga. Ukitikisika wote wanatumbukia mashimoni. Mshindi ni yule anayetulia mpaka wa kwanza achungulie tena. Mtoto wangu asiyekaa kitini dakika mbili, pale hukaa kama jiwe.

Watauliza maji yametoka wapi. Waambie Nairobi. Huko juu mto huu ni Athi, ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, kwetu ndiyo Sabaki. Wekundu ule ni udongo wa mashamba ya bara uliozolewa na mvua, na ndio unaoigeuza bahari ya Malindi kuwa ya kahawia. Roho huniuma nikiuona, kwa kuwa ni shamba la mtu lile linalopita. Nilipowaeleza wanangu, mdogo alichovya kidole topeni akanipaka shavuni: "Baba, umefika Nairobi." Sikujipangusa mpaka nyumbani.

Mkijaliwa mtaona heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Kati ya Oktoba na Machi kuna pia ndege wa pwani waliotoka Ulaya na Asia. Nakuomba sana watoto wasiwafukuze, wale wamechoka na wanakula.

Bebeni maji ya kunywa, kofia, na nguo ambazo huzionei uchungu. Na uangalie mwezi kabla ya kupanga siku: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa sana, madau hurudi mbio. Siku za maji mafu, bahari ikijaa na kupwa kidogo tu, mtangoja sana, beba na mahamri.